Deni Halizeeki, Kesi Ndiyo Huzeeka

Hotuba kwa wafanyabiashara wa dagaa na samaki, Mwaloni Kirumba, Mwanza, wakati wa Wiki ya Sheria

Ndugu Mwenyekiti wa soko, viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, mama zangu wauza dagaa, baba zangu wenye mitumbwi, na ninyi vijana wapakiaji mliokubali kuweka magunia chini kidogo: itifaki imezingatiwa. Mwangaluka!

Mwenyekiti aliponialika hakuzunguka. Alisema watu wanaingia ofisini kwake na karatasi za mikopo ya miaka ya nyuma, nyingine wino umeshafifia, wanataka awaitie wadaiwa wao. Wakishindwana hapo, wanataka kwenda mahakamani. Na kila mmoja anauliza kitu kilekile: deni hili limeshakuwa la zamani mno, au bado naweza kushtaki?

Najua kuna malori yanapakia, kwa hiyo jibu nalitoa mwanzoni ili anayelazimika kuondoka aondoke nalo. Mkopo wa kawaida, ule usio na rehani ya nyumba wala kiwanja, unadaiwa mahakamani ndani ya miaka 6. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971. Sheria hiyo inaweka miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba, na mkopo ni mkataba, hata kama mlikubaliana kwa mdomo mkiwa mmesimama kando ya mtumbwi. Nanyi mnaouza kwa wanunuzi wa Kenya na Uganda, kwao nako ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6.

Baada ya miaka hiyo deni linabaki kuwa deni. Aliyekopa bado anadaiwa, mbele ya Mungu na mbele ya majirani. Kinachokufa ni nguvu yako ya kumlazimisha kupitia mahakama. Ukifungua kesi nje ya muda, mahakama inaitupilia mbali. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana watu wengi wanadanganyana. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinasema kesi iliyoletwa nje ya muda itatupiliwa mbali hata kama mdaiwa hakulitaja jambo la muda katika utetezi wake. Kwa wenzetu Uingereza, mdaiwa asipoitoa hoja ya ukomo, kesi inaendelea. Kwetu hakimu mwenyewe anatakiwa aangalie tarehe. Kwa hiyo usiende ukitumaini kwamba huyu ndugu hana wakili, hatajua. Hata asipojua, mahakama inajua.

Jaji Kalegeya wa Mahakama Kuu, katika uamuzi ambao sisi mawakili tunaurudia karibu kila siku, aliilinganisha sheria hii na upanga usio na huruma unaomkata yeyote aliyenaswa. Mimi naiona ni sheria ya haki. Mashahidi hufa, karatasi hupotea, na mtu hapaswi kuishi miaka 30 akisubiri kushtakiwa kwa jambo ambalo hata risiti zake hana tena. Lakini nimeona upanga huo ukimkata mtu mwaminifu, mpole, aliyekopesha kwa moyo safi, na aliyemdhulumu akatoka mahakamani anatabasamu. Inauma sana. Ndiyo sababu nimekuja kuongea nanyi kabla, badala ya kuwasubiri ofisini baada.

Sasa tuhesabu pamoja. Tuseme bwana mmoja wa Igombe alimkopesha mwenzake shilingi milioni 4 za kununua mashine ya mtumbwi, tarehe 10 Machi 2016. Wakakubaliana fedha zirudi zote tarehe 30 Juni 2016. Tarehe ikapita, hakuna kitu. Haki ya kushtaki ilizaliwa hapo, siku ahadi ilipovunjwa. Haikuzaliwa siku fedha zilipotolewa, wala siku walipokuja kugombana miaka miwili baadaye. Miaka 6 inaanza kuhesabiwa hapo. Ukifika katikati ya Julai 2022 kesi haijafunguliwa, na halijatokea lolote la kuuanzisha muda upya, bwana wa Igombe amechelewa. Akichelewa wiki moja au akichelewa miaka kumi, matokeo ni yaleyale.

Kama mkopo ulikuwa wa kulipwa kwa awamu, kila awamu ina tarehe yake ya kuvunjwa, kwa hiyo awamu za mwanzo zinaweza kuwa zimeshapitwa na muda wakati za mwisho bado zinadaika. Ila soma mkataba wako. Mikataba mingi ya taasisi za mikopo ina kipengele kinachosema ukikosa awamu moja, deni lote linakuwa limeiva siku hiyohiyo. Kama kipengele hicho kipo, hesabu ya deni lote inaweza kuanzia kwenye awamu ya kwanza uliyoikosa. Na kama hamkuweka tarehe yoyote, ule mkopo wa "utanirudishia ukipata", usijipe nafasi ya kubishana mbele ya hakimu kwamba muda ulianza lini. Hesabu tangu siku ulipompa fedha, na ufanye haraka.

Nije kwenye jambo linalowamaliza watu wa mwalo huu na mialo yote ya ziwa hili, kuanzia Kayenze hadi Ukerewe. Ni mazungumzo.

Mnajua wenyewe inavyokuwa. Unamfuata mdaiwa wako, anakwambia, "Mama, sasa hivi ni mbalamwezi, mitumbwi imelala, ngoja giza liingie nitakulipa." Giza linaingia. Unamfuata tena, anasema dagaa wa safari hii wamenyeshewa mvua wakiwa kwenye chanja, wameuzwa kwa chakula cha kuku, ngoja msimu ujao. Msimu ujao kuna msiba. Baadaye kuna ada za watoto. Na wakati wote huo anakuheshimu, anakusalimia vizuri, pengine anakuletea na sato wa mboga. Unaona aibu kumpeleka mahakamani mtu anayekuheshimu hivyo. Unasema tutaongea.

Ndugu zangu, mkiwa mnaongea, miaka inahesabika. Mahakama ya Rufani ilishasema wazi, katika rufaa ya kampuni ya P & O International dhidi ya Wadhamini wa Hifadhi za Taifa, kwamba mazungumzo ya nje ya mahakama hayajawahi kuwa sababu ya kuusimamisha muda. Na kabla ya hapo Mahakama Kuu, katika shauri la Makamba Kigome dhidi ya Ubungo Farm Implements, ilisema kuwa mdai, hata awe mkweli kiasi gani, akikubali kuvutwa kwenye mazungumzo yasiyo na mwisho na mtu mjanja mpaka muda ukaisha, amejitakia hatari hiyo mwenyewe. Hawezi kuja kuyatumia mazungumzo hayo kama utetezi.

Barua ya madai nayo haisimamishi muda. Hata iwe na mhuri wa wakili, hata uwe umemwandikia barua kumi. Kikao kwa mwenyekiti wa mtaa hakisimamishi. Kamati ya kikundi ikikaa ikaamua "tumvumilie mwenzetu", uamuzi huo ni wa utu, nauheshimu, lakini muda wa kikundi unaendelea kuliwa. Na polisi? Kushindwa kulipa mkopo peke yake ni jambo la madai, siyo jinai. Kama kulikuwa na utapeli tangu mwanzo, hiyo ni habari nyingine, ripoti. Lakini kumpeleka mtu kituoni akae ndani siku mbili ili ndugu zake wachange, kwanza siyo kazi ya polisi, na pili, siku ulizozunguka na jalada la polisi hazitoki kwenye miaka yako 6.

Simaanishi msiongee. Ongeeni. Watu wa ziwa moja hawawezi kushtakiana kila siku. Ninachosema ni hiki: mkiongea, mazungumzo yatoke na karatasi.

Maana yapo mambo mawili yanayoifanya miaka 6 ianze upya, na yote mawili yako mikononi mwa mdaiwa. La kwanza ni kukiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake. La pili ni kulipa sehemu ya deni. Likitokea mojawapo ndani ya muda, haki yako inahesabiwa kuwa imezaliwa siku hiyo, siyo siku ile ya zamani. Turudi kwa bwana wa Igombe. Kama tarehe 15 Desemba 2020 mdaiwa alimlipa laki 2 katika zile milioni 4, basi miaka 6 inaanza tena tarehe hiyo, na ana mpaka Desemba 2026. Laki 2 tu. Mara nyingi mtu anazikataa kwa hasira: "Nataka zangu zote, siyo laki mbili!" Pokea. Toa risiti, weka nakala, andika kwamba zimepokelewa kama sehemu ya deni la milioni 4 la tarehe fulani.

Kuna mama mmoja alinifuata akiwa na daftari la kaunta, lile gumu la kurasa nyingi. Jalada limelowa mafuta ya dagaa, kurasa za mwanzo zimeshikana. Ndani kila mteja ana ukurasa wake: tarehe, magunia, bei, alicholipa, kilichobaki. Hesabu safi, hata mhasibu angemsifu. Nikafungua ukurasa wa mtu anayemdai fedha nyingi kuliko wote. Mwandiko ulikuwa wa mama mwenyewe kutoka juu mpaka chini. Hapakuwa na sahihi ya mdaiwa hata moja, hata dole gumba. Daftari lile ni ushahidi wa nini mama alikiandika. Lakini halionyeshi popote kwamba mdaiwa alikiri. Mama yule alikuwa amekaa na mdaiwa huyo mara nyingi, wamehesabu pamoja kwenye ukurasa uleule, wamekubaliana kilichobaki, wameagana vizuri. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na hakumpa mwenzake aweke jina lake chini.

Nawaomba sana, mkitoka hapa: kwenye kila ukurasa wa mteja anayedaiwa, acha mstari chini. Kila mnapohesabu, aandike kwa mkono wake: "Mimi fulani nakiri kudaiwa na fulani shilingi kadhaa leo tarehe fulani," asaini. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi. Mwenye nia ya kulipa hatakataa. Anayekataa kusaini deni analolikubali kwa mdomo amekueleza anachokusudia, na hapo usingoje giza lingine.

Malipo kwa simu yana faida yake. Muamala una tarehe, kiasi, na jina la aliyetuma. Usifute ujumbe ule. Ukibadilisha simu, omba taarifa ya miamala kwa mtandao wako mapema, ichapwe. Ujumbe wa simu na wa mitandao unapokelewa kama ushahidi mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeruhusu. Hata hivyo, kwa jambo la kukiri deni mimi bado napenda karatasi yenye sahihi. Karatasi haina ubishi wa "simu yangu ilikuwa kwa mtoto".

Na mwenye kukiri awe mdaiwa mwenyewe, au mtu aliyemtuma rasmi. Mke wake akikwambia "baba anajua deni lako, atalipa", hilo ni neno jema lakini siyo kukiri kunakotakiwa na sheria.

Jambo moja la kitaalamu ambalo huwaangusha hata wanaojua haya yote. Ukifungua kesi katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi baada ya miaka 6 ya awali kupita, kwa kutegemea kwamba mdaiwa alilipa kidogo au alikiri, lazima jambo hilo liandikwe kwenye hati ya madai yenyewe. Tarehe gani alilipa, kiasi gani, ushahidi upi. Ukiacha kuandika, ukasema utamweleza hakimu siku ya kusikilizwa, hutafika siku hiyo. Mwenzako ataleta pingamizi la awali na hati yako itaanguka kwa sababu, ukiisoma ilivyo, inaonyesha kesi iliyopitwa na muda.

Nipite haraka kwenye mambo mengine ya muda. Mdaiwa akiwa nje ya Jamhuri ya Muungano, muda aliokuwa nje hauhesabiwi. Kwa hiyo yule aliyekopa akavuka kwenda Kampala au Goma akakaa miaka mitatu, miaka hiyo inatolewa, ila ni wewe utakayethibitisha kwamba hakuwepo nchini. Akihamia Kigoma au Mafia, hiyo ni Tanzania, muda unakwenda. Ukiwa uliendesha kesi kwa nia njema na kwa bidii katika mahakama ambayo haikuwa na mamlaka, muda huo nao hutolewa. Kama mdaiwa alikuficha ukweli kwa udanganyifu, hesabu inaanza pale ulipougundua au ulipopaswa kuugundua. Na madai yanayosimama juu ya sheria za mila yana kanuni zake za ukomo za tangu mwaka 1964, kwa hiyo mkopo wenu ukihusu ng'ombe wa ukoo na mambo ya namna hiyo, muulize karani wa mahakama ya mwanzo mapema, usiibebe miaka 6 kichwani kama amri ya Mungu.

Watu huuliza: hakimu hawezi kunionea huruma akaniongezea muda? Kwa rufaa na maombi mengi, mahakama inaweza kuongeza muda ikiona sababu ya kutosha. Kwa kesi mpya ya madai, haiwezi. Mwenye uwezo huo ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hawezi kuongeza zaidi ya nusu ya muda uliowekwa. Yaani kwa mkopo, miaka 3. Unaandika maombi, unaeleza kwa nini ni haki uongezewe. Njia ipo, nawaambia ili muijue, lakini msiipangie maisha. Kusema "nilikuwa namwonea aibu" sidhani kama kutamshawishi Waziri.

Mwenye rehani ana mambo mengine. Benki iliyochukua nyumba yako kuwa dhamana chini ya Sheria ya Ardhi inaweza kuiuza bila kufungua kesi, ikishatoa notisi inayotakiwa. Kwa hiyo usikae Nyasaka ukihesabu miaka 6 kwa furaha wakati hati yako iko kabatini kwa benki.

Niseme sasa na wanaodaiwa, maana nao wako hapa na haki yao ni haki. Siku hizi kuna mikopo mnayoiita kausha damu. Mtu anakuja na karatasi ya miaka 9, riba imeota juu ya riba, anakutishia kukubebea friji na kitanda. Usisaini chochote kwa hofu. Umeshasikia sahihi inafanya nini. Omba akuonyeshe mkataba, omba hesabu ya kila ulicholipa, uliza tarehe ya malipo yako ya mwisho. Kuingia nyumbani kwa mtu na kubeba vyombo bila amri ya mahakama wala makubaliano halali ya dhamana si ukusanyaji wa madeni, na hilo ripoti. Ukipata wito wa mahakama, nenda. Usiutupe kwa kusema deni limezeeka. Nenda na tarehe zako, zitaje, ziandikwe. Mtu asiyefika huhukumiwa kwa maelezo ya upande mmoja, na maelezo ya upande mmoja huwa yana tarehe zinazompendeza aliyeyatoa.

Lakini nisieleweke vibaya. Kama ulikopa, na mwenzako alikuamini, na unacho, mlipe hata kama sheria haikulazimishi tena. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, hawakuweka ukomo wa miaka. Sheria hii ilitungwa kumlinda mtu dhidi ya madai yaliyochakaa. Haikutungwa ili mjanja amchezee mjane mbalamwezi na giza mpaka siku ziishe. Nasema hivi nikiwa wakili ambaye nimesimama mahakamani upande wa wadaiwa pia, na hoja ya ukomo nimeitoa pale sheria ilipotaka. Kazi ya mahakama ni moja na dhamiri ni nyingine, na mtu anahitaji zote mbili akitaka kuendelea kufanya biashara hapa Kirumba.

Kuna waliokwishashinda kesi, nao wamesahau. Umepewa hukumu mwaka 2015, ukaikunja ukaiweka chini ya godoro, ukasema siku moja nitaitumia. Hukumu nayo ina umri. Maombi ya kukazia hukumu, yaani kuiomba mahakama itekeleze ulichoshinda, yana miaka 12, na kwa maombi hayo mahakama haina uwezo wa kukuongezea muda. Itoeni chini ya godoro. Anayedaiwa akiwa ameshanunua mtumbwi mpya au kiwanja Buswelu, huu ndio wakati.

Na misibani. Tumezoea kwamba kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia anasimama: "Anayemdai marehemu au anayedaiwa na marehemu ajitokeze." Ni desturi nzuri sana na tusiiache. Lakini kutajwa msibani siyo kudai kisheria. Deni la marehemu unalidai kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mfuate, mpe nakala za karatasi zako, akuandikie kwamba amezipokea. Na wewe ukiwa msimamizi, kukusanya madeni ya marehemu ni sehemu ya kazi uliyoapa. Fungua daftari lake, tafuta tarehe, maana watoto wakikaa miaka wakibishana nani arithi mashine ya mtumbwi, fedha alizokuwa anadai baba yao zinaondoka kimyakimya.

Wapi pa kwenda? Madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30 yanaanzia mahakama ya mwanzo, na wengi wenu mnaingia hapo. Kiswahili ndiyo lugha yake, huhitaji kuogopa. Zaidi ya hapo unakwenda mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Asiye na uwezo wa wakili awaone wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure.

Mwenyekiti ananiashiria muda, lakini nilipofika asubuhi kijana mmoja aliniuliza swali ambalo nadhani wengi mnalo: deni langu limeshapita miaka 8, hakulipa kitu, hakusaini kitu, lakini yule bwana amepata, na mwenyewe anasema anataka kunilipa kidogo kidogo. Je, nimeshakosa?

Hujakosa, kama anasema kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua ahadi ya kulipa deni lililopitwa na muda, mradi ahadi hiyo iwe ya maandishi na imesainiwa na anayeahidi au wakala wake. Ahadi hiyo inasimama kama mkataba mpya. Kwa hiyo usichukue elfu hamsini ya kwanza ukaondoka ukishukuru. Kaeni chini, muandike: deni lilikuwa kiasi gani na la lini, anaahidi kulipa kiasi gani, kila mwezi tarehe ngapi. Asaini, usaini, mashahidi wawili wasaini, kila mtu aondoke na nakala yake. Akivunja ahadi hiyo mpya, unaanza kuhesabu kutoka hapo, na safari hii unahesabu mapema.

Meza yetu iko pale karibu na mizani, tutakuwepo mpaka jioni. Njooni na mikataba, daftari, risiti, na simu zenye miamala. Kabla hujafika mezani, andika juu ya karatasi yako tarehe mbili: siku alipopaswa kulipa akashindwa, na siku ya mwisho aliyokupa chochote. Tutaanzia hapo. Asanteni, karibuni kwa maswali.